Kugandisha bomba ili kulitengeneza: barafu inapofanya kazi ya koki

Fundi bomba ameitwa kwenye jengo refu kubadilisha valvu inayovuja. Hafungi maji ya jengo zima, wala hamwagi yaliyomo. Anachagua sehemu ya bomba iliyonyooka, anaivisha kitu kama koti, anamimina humo kimiminika kinachofuka moshi mweupe, kisha anakaa kusubiri. Baada ya muda anachukua msumeno na kulikata bomba lile lile, hatua chache kutoka pale penye koti. Yanamwagika maji kidogo yaliyokuwa yamebaki, ndoo inayakinga, kisha kimya.

Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza huwa na swali moja, tena swali zuri: si tumeambiwa siku zote kwamba maji yakiganda ndani ya bomba, bomba linapasuka? Katika nchi za baridi kali watu huyavisha mabomba yao kwa sababu hiyo hiyo. Sasa huyu anagandisha makusudi, tena kwenye mfumo ambao tayari ni mbovu! Wengine huona ni uongo wa video za mtandaoni. Si uongo. Ni kazi ya kawaida viwandani, melini, hospitalini na kwenye majengo makubwa, na haina muujiza wowote ukishasahihisha jambo moja dogo katika yale tuliyoambiwa.

Tuelewane kwanza kwa maneno. "Bomba" katika makala haya ni mrija wenyewe unaopitisha maji, si kile kitu unachofungua kwenye sinki. Hicho nitakiita koki. Valvu ni kifungio kikubwa kilicho katikati ya njia, cha kutenga sehemu moja ya mfumo na nyingine. Na kizibo cha barafu ni maji yaliyogandishwa hapo hapo ndani ya bomba mpaka yakaziba kutoka ukuta hadi ukuta. Kizibo hicho kinafanya kazi ya valvu pale ambapo valvu haipo, au ipo lakini imekufa.

Na valvu hufa kweli. Iliyokaa miaka kumi bila kuguswa, ukiizungusha inazunguka, inazunguka tena, gurudumu linakwenda lakini mlango wa ndani haushuki, kwa kuwa shina lake limelika. Au unashuka ukakalia chokaa na kutu iliyojikusanya chini, ukaacha mwanya wa unene wa ukucha. Hapo fundi anabaki na njia ya kumwaga maji yote. Kwenye nyumba ya kawaida hilo ni jambo la nusu saa. Kwenye ghorofa ishirini zenye mfumo wa kupoza hewa au kupasha joto, ni maelfu ya lita, mara nyingi zenye dawa ya kuzuia kutu iliyotiwa kwa vipimo. Ukimwaga utajaza tena, utatoa hewa iliyonaswa ghorofa kwa ghorofa, utatia dawa upya, na muda wote huo jengo limesimama. Yote hayo kwa ajili ya gasketi moja.

Kwa nini halipasuki

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Hilo ni kweli, na ndilo linalopasua chupa uliyoisahau kwenye friza. Lakini chupa hiyo ilikuwa imejaa na imefungwa. Yaweke maji hayo hayo kwenye bakuli pana lililo wazi, barafu itavimba kidogo kwa juu na bakuli litabaki zima.

Bomba linaloganda lina tabia ya bakuli hilo, mradi maji yawe na pa kukimbilia. Chukua bomba lenye upana wa ndani wa milimita 25, ugandishe kipande cha sentimita 10. Maji yaliyomo ni kama mililita 49. Asilimia 9 yake ni mililita 4 na kidogo, hata kijiko cha chai hakijai. Hicho ndicho kiasi chote kinachotafuta nafasi. Barafu huanzia kwenye ukuta wa bomba na kukua kuelekea katikati, hivyo maji ya katikati husukumwa kufuata urefu wa bomba, yakarudi upande wa tangi au yakatokea kwenye koki iliyoachwa wazi. Kijiko kimoja kwenye mfumo wa mamia ya lita hakuna atakayekiona.

Sasa ziba njia. Tuseme kizibo kinaendelea kukua, na mita moja mbele yake kuna koki iliyofungwa kabisa. Sehemu ya kijiko kile inataka kuingia kwenye nusu lita ya maji ambayo haina pa kwenda. Maji hayabonyei kama hewa: kuyapunguza ujazo kwa asilimia 1 tu kunahitaji presha ya zaidi ya bari 200, na tairi la gari dogo lina bari 2 na ushee. Unaona hesabu inakoelekea. Bomba linavimba, kisha linachanika, na mara nyingi linachanika mahali pasipo na barafu hata chembe: kwenye ungio dhaifu, kwenye kona, karibu na koki. Ndiyo maana katika nchi za baridi watu hushauriwa waache koki ikidondosha usiku wa baridi kali. Wengi hudhani sababu ni kwamba maji yanayotembea hayagandi. Hilo linasaidia, lakini hata yakiganda, koki iliyoachwa wazi imeshaipa presha mlango wa kutokea.

Kinachopasua bomba, basi, ni maji yaliyobanwa. Fundi anayegandisha kwa makusudi anatumia barafu ile ile, ila anahakikisha hakuna maji yaliyonaswa popote. Ukishalishika hilo, karibu kila anachokifanya kinaeleweka. Akitaka kutenga kipande kwa kugandisha pande zote mbili, kwa mfano, hawezi kuwasha baridi huku na huku kisha akaenda zake. Vizibo viwili vinavyokua kwa pamoja vinasukuma maji kuelekea katikati, na katikati hapana njia. Ni ile ile koki iliyofungwa, mara hii pande zote. Lazima aache tundu la kutolea maji katikati, au aweke geji ya presha pale na kuitazama mfululizo.

Maji yatulie kwanza

Kugandisha ni kutoa joto, na kiasi chake huwashangaza watu. Kilo moja ya maji yenye nyuzi 20 ukitaka yafike nyuzi 0, utoe kilojuli 84. Hapo bado ni maji. Ili yawe barafu unatakiwa kutoa nyingine 334, karibu mara nne ya zile za mwanzo, na muda wote huo kipimajoto kimeganda pale pale kwenye sifuri. Mtu anayechungulia kipimajoto atadhani mashine imeharibika. Haijaharibika, inalipa deni ambalo kipimajoto hakina pa kuliandika.

Kama maji yanatembea, kila sekunde yanaingia mengine yenye deni jipya. Ni kuteka maji kwa pakacha. Tena barafu inapokua kutoka ukutani, tundu la katikati linazidi kuwa jembamba na maji yanapita hapo kwa kasi zaidi, kwa hiyo ile sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Mtiririko mdogo tu, wa koki inayodondosha ghorofa ya juu, unaweza kukiweka kizibo kikiwa na tobo katikati kwa saa nzima.

Hapa ndipo penye kitendawili ambacho wateja hukiona kama kisingizio. Umemwita fundi kwa sababu bomba linavuja, naye anakwambia hawezi kugandisha mpaka uvujaji upungue. Anasema kweli: uvujaji wenyewe ni mtiririko. Kwa hiyo anaanza kwa kulifunga tundu kwa klampu yenye mpira, au hata kulikaza kwa muda na kipande cha mpira wa baiskeli, ndipo anagandisha, ndipo anafungua tena alichokifunga na kukitengeneza ipasavyo. Ukiona fundi anafunga, anagandisha, kisha anafungua, usidhani anarefusha kazi.

Baada ya hapo kuna watu. Pampu zimezimwa, lakini wakazi hawana swichi.

"Mama, naomba kwa saa moja usifungue koki yoyote."

"Hata ya chooni?"

"Hata ya chooni."

Choo ndicho kinachoharibu kazi nyingi, kwa sababu tangi lake hujijaza lenyewe. Anayevuta hajafungua koki yoyote, ameweka ahadi yake, na huku lita kadhaa za maji ya uvuguvugu zinapita katikati ya barafu changa.

Maji ya moto nayo yasubiri. Boila inazimwa na mfumo unaachwa upoe, maana ndani ya bomba la moto, hasa lililosimama wima, maji yenyewe hujizungusha: ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, na kila yanapozunguka yanaleta joto jipya kwenye sehemu unayoipoza. Najua kuna msomaji atakayemtaja Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Tanzania aliyeona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wa moto uliganda kabla ya uliopoa, na mwaka 1969 akachapisha jambo hilo pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Ni jambo la kujivunia na wanasayansi bado wanalibishania. Lakini lilihusu vyombo viwili vilivyotiwa kwenye friza, kila kimoja na maji yake. Bomba limeungana na mfumo mzima ulio nyuma yake, na joto la mfumo huo halikatiki kwa kutaka.

Sharti jingine ni fupi: bomba lazima liwe limejaa. Bomba la kulala lenye hewa juu litaganda nusu, na juu ya barafu patabaki njia.

Baridi yenyewe inatoka wapi

Tuanze na isiyofaa. Watu hujaribu kufunga mfuko wa barafu ya friza kuzunguka bomba. Barafu inayoyeyuka ina nyuzi 0, na maji unayotaka yagande yanagandia nyuzi 0. Joto halihami kati ya vitu vyenye joto sawa, kwa hiyo mfuko huo utayapoza maji, utayafikisha ukingoni, na kuyaacha hapo. Ukiichanganya barafu na chumvi unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, na kwa bomba jembamba sana kitu fulani kinaweza kutokea, ila ni polepole na huna jinsi ya kukidhibiti. Mimi nisingekata bomba kwa kutegemea hilo.

Mashine ya umeme ni friji iliyogeuzwa umbo. Ina kompresa ile ile, gesi ile ile, ila badala ya kabati ina vibano viwili vinavyoshika bomba, na hushuka kufikia takriban nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa mabomba ya majumbani inatosha kabisa, bomba la milimita 15 likichukua dakika chache. Faida yake kubwa ni kwamba haiishi: umeme ukiwepo, kizibo kipo. Hatari yake ni hiyo hiyo umeme ukikatika.

Inayofuata ni hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, ambayo ikitoka kwa nguvu kwenye mtungi hugeuka kuwa kama theluji ndani ya koti la bomba. Hiyo ndiyo barafu kavu, ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Na kwa mabomba makubwa ya viwandani ipo nitrojeni kimiminika, inayochemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukimimina nitrojeni juu ya bomba ni sawa na kumimina maji juu ya jiko linalowaka: inatokota, inaruka, inapiga kelele kama mafuta kwenye kikaango, kwa sababu kwake bomba la kawaida ni moto mkali.

Mtu atauliza: kwa nini wasitumie nitrojeni kila mahali, si ndiyo baridi zaidi? Jibu liko kwenye bomba, wala haliko kwenye maji. Chuma cha kawaida kikipozwa sana hubadilika tabia. Kile kinachopinda ukikigonga kikiwa na joto la kawaida, kikiwa kwenye baridi ya nitrojeni huvunjika kama kigae. Chuma cha kusubu ni kibaya zaidi, na plastiki ngumu ndiyo usiseme. Shaba na chuma cha pua cha aina nyingi huvumilia. Kwa hiyo sheria ya kwanza kwenye bomba la chuma lililogandishwa ni kwamba hakuna kugonga, hakuna kukaza kwa spana ndefu, hakuna kulikanyaga, na kabla ya yote ukuta wake unapimwa unene kujua kama kutu haijaula. Barafu yenyewe pia haipendi kupozwa kupita kiasi. Ikiendelea kushuka baada ya kuganda hunywea kuliko chuma kinavyonywea, na inaweza kupata nyufa.

Plastiki ina shida nyingine ya kinyume: haipitishi joto. Shaba nyekundu hupitisha joto karibu mara nane ya chuma cha kawaida na mamia ya mara kuliko plastiki. Unaweza kuwa na baridi kali nje ya bomba la plastiki, na ndani maji bado hayana habari.

Ukubwa nao unadanganya macho. Bomba la milimita 100 linaonekana mara mbili ya la milimita 50, lakini lina maji mara nne kwa kila sentimita ya urefu, na muda wa kuganda unafuata mkondo huo huo. La dakika kumi na tano linakuwa la saa nzima.

Ule moshi

Ule moshi mweupe unaotambaa sakafuni watu huuogopa kwa sababu isiyo sahihi. Weupe ule ni mvuke wa maji uliokuwa hewani, umepozwa ukawa ukungu, kama ule unaotoka ukifungua friza. Nitrojeni yenyewe haionekani, haina harufu, haina ladha. Na hiyo ndiyo ya kuogopa.

Lita moja ya nitrojeni kimiminika ikichemka inakuwa karibu lita 700 za gesi. Fikiria chumba kidogo cha mashine, mita tatu kwa tatu, kimo mita mbili na nusu. Lita 10 tu zikiishia humo zinatoa gesi ya kujaza karibu theluthi ya chumba, na hewa yenye oksijeni inasukumwa nje. Mwili hauna kengele ya oksijeni kupungua. Kinachotufanya tuhisi tunakosa pumzi ni hewa ya ukaa kuzidi mwilini, na hapa haijazidi. Mtu anajisikia mwepesi kidogo, anacheka labda, kisha anaanguka. Anayekimbilia kumwinua anaanguka juu yake. Gesi baridi ni nzito na hukaa chini, kwa hiyo shimo, handaki na chumba cha chini ya ardhi ndizo sehemu mbaya kuliko zote, na ndizo hasa mabomba yanakopita. Kipima oksijeni kinachopiga kelele oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 ya hewa si pambo. Fundi akija na nitrojeni bila kifaa hicho na bila feni ya kuingiza hewa, mwambie akavilete kwanza.

Hewa ya ukaa ina tofauti moja: mwili unaihisi, lakini ikizidi ni sumu kwa haki yake yenyewe. Na zote mbili huunguza ngozi kwa baridi, malengelenge yakatoka kama ya moto.

Anajuaje kwamba pameziba?

Ukiwa karibu utaona dalili kwa mpangilio. Kwanza bomba linatoa jasho. Kisha jasho linakuwa jeupe, kama chumvi iliyonyunyizwa, na pete ya weupe huo inaanza kutambaa kutoka kwenye ukingo wa koti, kidole kimoja, vidole viwili, pande zote mbili. Pete ikiwa upande mmoja pana na upande wa pili haipo kabisa, fundi anajua maji bado yanatembea, na anajua yanatoka upande gani.

Lakini pete ni dalili tu. Uthibitisho ni koki ndogo ya kutolea maji iliyo upande utakaokatwa. Anaifungua. Maji yanatoka kwa nguvu, hiyo ni presha iliyokuwa imebaki. Yanalegea, yanakuwa uzi, yanakuwa matone. Hapo anasubiri. Tone moja kila sekunde mbili linaweza kuwa maji yaliyosalia ukutani, au linaweza kuwa tobo katikati ya kizibo, na tofauti ni kwamba la kwanza linazidi kupungua na la pili halipungui. Fundi mwenye haraka hawezi kuziona tofauti hizo. Nikiwa na uamuzi, ningemlipa fundi kwa dakika hizo tano za kutazama matone kuliko kwa saa nzima ya kukata na kuunga.

Baada ya hapo kizibo kinabeba mzigo ambao mtu haufikirii. Kwenye bomba la milimita 25 lenye presha ya bari 5, maji yanakisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 25, mfuko mmoja mkubwa wa kubebwa na mtu. Kwenye bomba la milimita 100, presha ikiwa ile ile, ni kilo 400. Kinachokizuia kisiruke ni kushikamana kwa barafu na ukuta wa bomba, kwa urefu wake wote, ndiyo sababu kizibo hufanywa kirefu kuliko upana wa bomba na ndiyo sababu hakuna anayechomelea karibu nacho. Joto la kuchomelea husafiri ndani ya chuma.

Kizibo kikishindwa, kinashindwa chote kwa mara moja. Mwaka 1989, kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha River Bend, jimbo la Louisiana nchini Marekani, kizibo cha barafu kwenye bomba la maji la inchi 6 kilishindwa wakati wa matengenezo, na zaidi ya lita 50,000 zikamwagika ndani ya jengo kabla ya kuzuiwa. Kama ilitokea kwa watu waliozoea kupima kila kitu, inaweza kutokea popote. Kwa hiyo kabla msumeno haujagusa bomba, swali la kumuuliza fundi ni hili: kikiachia sasa hivi, nani anakimbilia wapi kufunga nini?

Maswali mengine yanayorudi yana majibu mafupi. Maji ya kunywa hayachafuki, kwani kinachopoza kinabaki nje ya bomba. Bomba la gesi haligandishwi kwa njia hii, kwa sababu hakuna kimiminika ndani cha kugeuka kizibo. Maji yenye dawa ya kuzuia kuganda yanahitaji baridi kali zaidi, na fundi aambiwe mapema, si baada ya saa mbili za kusubiri. Na kizibo hakiachwi kilale peke yake usiku: nitrojeni inachemka muda wote, na asiyeongeza anapoteza.

Kuyeyusha

Kazi imekwisha, valvu mpya imefungwa, na wengi hudhani sasa ni kuondoa koti na kwenda zao. Hapa ndipo fizikia inageuka. Barafu iliganda kuanzia ukutani, na inayeyuka kuanzia ukutani pia, kwa kuwa joto linatoka nje. Maana yake kizibo hakipungui taratibu kama mshumaa. Kwanza kinapoteza mshiko, kikiwa bado kizima na kigumu. Kama nyuma yake kuna presha na mbele yake kuna bomba tupu, ulichonacho ni risasi ya barafu ndani ya mtutu, na kona ya kwanza au valvu yako mpya ndiyo shabaha.

Kwa hiyo kabla ya kuyeyusha, upande uliotengenezwa unajazwa maji, hewa inatolewa, na presha inasawazishwa mbele na nyuma ya kizibo. Kikiachia hakina wa kukisukuma. Moto wa gesi haukaribishwi hapo, hasa kwenye chuma kilichotoka kwenye baridi kali. Bomba linaachwa lirudi lenyewe; weupe unakuwa jasho, jasho linakuwa matone sakafuni. Fundi anafungua koki robo tu. Inakohoa hewa mara mbili, inatema maji ya rangi ya kutu, kisha yanakuja meupe, membamba.

"Mama, maji tayari. Fungua polepole."

"Hata ya chooni?"

"Hiyo ngoja kidogo. Bado kuna barafu inaelea humo ndani."